UZI: Mwezi wa kwanza kupika nyumbani kulinila hela kuliko kula nje, nikagundua nilikuwa nakosea wapi

Sufuria_Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za wakati huu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mtu wa kula nje, tena siyo leo wala jana. Asubuhi chai nje, mchana nje, usiku nikishachoka nashika simu naagiza. Sasa mwisho wa mwezi mmoja nikakaa na meseji za malipo nikaanza kujumlisha moja moja, nilipofika mwisho nikadhani nimejumlisha kitu mara mbili, nikarudia, jibu lile lile. Hela ya chakula ilikuwa inazidi kodi ya chumba ninacholala. Yaani nalipia tumbo kuliko ninavyolipia paa.

Nikasema basi, kuanzia leo napika. Na hapo ndipo uzi ulipo, maana kila mtu anakwambia pika nyumbani utasevu ila hakuna anayekwambia kwamba mwezi wa kwanza unaweza ukaumia zaidi. Sitaji hela maana kila mtu na bei za kwao, tufanye nilichokuwa natumia kula nje kwa mwezi ni 100. Mwezi wa kwanza wa kupika nilitumia 120 na ushee. Mia na ishirini, sijakosea kuandika. Wa pili 75. Wa tatu 50 hivi. Daftari ninalo, yote kwa kalamu.

120 ilitoka wapi? Kwanza nilinunua vitu kama mtu anayefungua mgahawa. Sufuria seti nzima, kisu cha kukatia mkate wakati mkate ninaonunua huwa umeshakatwa, viungo chupa kumi na moja na viwili mpaka leo sijavifungua. Sawa, hizo ni za kuanzia, hazirudi kila mwezi. Kilichonimaliza hasa ni kulipa mara mbili. Jumapili nanunua mboga nazipanga kwenye friji zinapendeza, jumatatu nachelewa kurudi nimechoka naagiza, jumanne hivyo hivyo, alhamisi nafungua droo ya chini nakuta nyanya zimekaa kwenye maji yake zenyewe, ukigusa kidole kinazama mpaka ndani. Hapo nimelipia nyanya na nimelipia oda, mlo mmoja hela mbili. Nikaanza kuandika na vinavyotupwa, ukurasa wa nyuma wa daftari, mwezi ule karibu theluthi ya nilichonunua ilikwenda kwenye ndoo.

Kwa hiyo wanaosema nyumbani ni rahisi wamalizie sentensi: ni rahisi kikiliwa. Nilichobadilisha mwezi wa pili nitakiandika nikishakula, leteni na yenu.

njaa_kali

Mkuu umenisema mimi kabisa, na droo ya chini pia umenisema. Ila niulize, mtu unaishi peke yako faida iko wapi? Nikipika sufuria moja inaniangalia siku tatu. Hayo mambo ni ya wenye familia.

mhasibu_mstaafu

Nimeshika vitabu vya migahawa miaka mingi kabla sijapumzika, niwape hesabu ya upande wa pili wa kaunta. Kwenye biashara ile makadirio ya kawaida ni kwamba vyakula vyenyewe, yaani mchele nyama mafuta na vinginevyo, viwe kama asilimia 28 mpaka 35 ya bei ya sahani. Zinazobaki zinakwenda kwenye mishahara, pango, umeme, gesi, vinavyoharibika na faida kama ipo, maana watu wanadhani mwenye mgahawa ni tajiri, wengi wanahema tu.

Sasa wewe wa nyumbani hununui kwa jumla kama yeye, kwa hiyo tuseme sahani ya 100 itakugharimu 40 ya vyakula. Moto weka 5. Mpaka hapo uko 45, umebakiwa na zaidi ya nusu. Lakini ukitupa theluthi kama alivyofanya mwanzisha uzi, ile 40 inakuwa 60 kwa kila sahani iliyoliwa kweli. Ongeza moto, ongeza oda mbili tatu za usiku kwa wiki, umerudi ulikotoka na vyombo vya kuosha juu.

Kikombe_Kimoja

mzee shikamoo, hiyo ya vyombo vya kuosha juu imenichoma

mpinzani_wa_kudumu

Mimi napinga. Muda ni hela. Saa moja ya kukata vitunguu na kuosha masufuria ningefanya kazi yangu ningelipwa zaidi ya bei ya hiyo sahani. Mnasevu hela mnapoteza maisha.

Mama_Pacha

@mpinzani_wa_kudumu mwanangu, na hizo dakika arobaini unazosubiri oda ifike ukiwa umelala na simu kifuani huwa unalipwa na nani?

mpinzani_wa_kudumu

mama huo siyo ustaarabu 😂

Mama_Pacha

Haya tuache utani. Kosa lenu vijana mnataka kupika usiku. Usiku haupikwi, usiku unapashwa. Mtu ametoka kazini kichwa kinauma, anaanza kuchambua, kumenya, kukaanga kitunguu, lazima ashike simu tu, hata mimi ningeishika.

Mimi nina pacha na kazi, nikasema hapana. Siku moja ya wiki nakaanga vitunguu na nyanya nyingi kwa mpigo, sufuria kubwa, nyanya mpaka zikauke maji na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Zikipoa nagawa kwenye vikontena vidogo, kila kimoja cha mlo mmoja, naingiza friza. Maharage vile vile, nachemsha kilo nzima siku hiyo, kilo moja kavu ikiiva inakuwa kama kilo mbili na zaidi, nagawa. Juu nabandika karatasi nimeandika tarehe, usijiamini utakumbuka, hukumbuki, baada ya wiki tatu kila kitu ndani ya friza kina rangi moja. Siku ya kuchoka natoa kikontena cha rojo na kimoja cha maharage, sufuriani, chumvi, dakika kumi na tano tunakula.

@njaa_kali na wewe unayeishi peke yako ndiyo hasa inakufaa, sufuria inayokuangalia siku tatu igawe ile ile siku ya kwanza kabla hujaichoka. Anayeishi peke yake hashindwi kupika kidogo kidogo, anashindwa kula kitu kimoja mfululizo.

njaa_kali

Mama hapo nimekuelewa. Friza yangu ina barafu tu na chupa ya maji.

fundi_gesi

Nimewasubiri mguse moto. Hapo kwenye "moto weka 5" watu wengi wanaweka 15 bila kujua.

Nina mzani wa kuning'iniza, nikaamua kupima mtungi kabla na baada ya kila mpiko wiki kadhaa (mke wangu alidhani nimechanganyikiwa). Maharage makavu yasiyolowekwa, sufuria wazi, moto juu, yalikula gesi karibu mara tatu ya yale niliyoloweka usiku kucha nikafunika sufuria. Ya sufuria ya presha sijui hata niseme nini, mzani ulisogea kidogo mpaka nikadhani umekwama.

Sababu siyo uchawi. Maji yakishachemka yamefika digrii 100, uongeze moto usiongeze yanabaki pale pale 100, unachoongeza ni mvuke unaokwenda kulowesha ukuta wa jiko. Kwa hiyo yakianza kuchemka shusha moto mpaka yawe yanatikisika tu, funika. Sufuria ya presha inabana mvuke ndani, joto linapanda mpaka kama 120, ndiyo maana vitu vigumu vinalainika upesi. Na nyanya au ndimu zisiingie kwenye maharage kabla hayajalainika, uchachu unayafanya yakaze, utachoma gesi mpaka useme duka limekuuzia mawe.

Ukitaka kubana zaidi, chemsha chungu chako dakika chache kikiwa kimejaa, kitoe motoni kikiwa kinachemka, kifunge kwenye blanketi zito au kiweke kwenye boksi lenye nguo kuukuu. Kinaendelea kuiva chenyewe. Kwa mchele inafanya kazi vizuri mno.

Nesi_wa_zamu

Hapo hapo kwenye blanketi nisimame kidogo, maana nimepokea watu wodini kwa ajili ya kubana matumizi.

Maharage mekundu makubwa, yale yenye umbo la figo, yana sumu ya asili inayoitwa lektini. Haitoki kwa moto mdogo. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga yale maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu nusu saa, baada ya hapo ndiyo upeleke kwenye blanketi lako. Mabichi hata punje nne tano zinatosha kukutapisha, na yaliyopikwa kwa moto wa chini muda mrefu bila kuchemka yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi.

La pili wali wa jana. Kuna bakteria kwenye mchele mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, wali ukikaa mezani usiku kucha wanazaliana na kuacha sumu, na sumu hiyo ukipasha asubuhi haiondoki hata ukipasha mpaka uungue. Chakula kilichopikwa kisipitishe saa mbili kwenye joto la kawaida, friji iwe chini ya digrii 5. Na usiweke sufuria nzima ya moto kwenye friji ukadhani umeokoa, katikati inabaki vuguvugu masaa, gawa kwenye vyombo vya kina kifupi. Kiporo cha friji kiliwe ndani ya siku tatu, nne mwisho, zaidi ya hapo friza.

Sufuria_Nyeusi

@Nesi_wa_zamu ungetokea miezi mitatu iliyopita dada yangu. Wiki ya pili ya uchumi wangu nilipika hayo hayo mekundu, nikajifanya najua kubana gesi, nikayazima yakiwa nusu nikasema yatamalizikia kwenye joto. Yalikuwa yanatafunika vizuri tu. Saa mbili baadaye nilikuwa nimepiga magoti bafuni namuomba msamaha kila niliyewahi kumkosea. Kwenye daftari siku hiyo nimeandika "maharage: dawa, maji ya chumvi na sukari, siku moja ya kazi". Mlo wa bei kuliko yote niliyowahi kula.

Haya nimeshiba, niendelee na mwezi wa pili.

Kitu cha kwanza niliacha kununua cha wiki nzima. Nanunua cha siku tatu, maana mimi binafsi sijui alhamisi nitakuwa mtu gani. Kinachokaa, yaani mchele, maharage makavu, unga, mafuta, chumvi, nanunua kingi na naangalia bei kwa kilo siyo bei ya pakiti, kipakiti kidogo kinaonekana cha huruma kumbe ukikizidisha mpaka kifike kilo unakuta umeibiwa mchana kweupe. Kinachooza nanunua kidogo hata kama kina ofa, ofa ya kitu kitakachooza mimi siihesabu kama ofa.

Kitu cha pili kabla ya kutoka kununua nafungua friji naipiga picha. Sasa niko dukani najiuliza vitunguu vipo? Nafungua picha. Nilikuwa nimeshafikisha chupa tatu za sosi moja, zote zimefunguliwa, zote nusu.

Cha tatu nikachagua mapishi matatu tu ninayoyaweza hata nikiwa nimefumba macho. Watu wanaanza na video za mapishi ya vitu ishirini, unanunua kopo la kitu utakitumia kijiko kimoja. Matatu tu, nikiyachoka naongeza la nne. Na lazima moja liwe la dakika kumi. Langu ni mayai na nyanya na mkate. Hilo ndilo linaloshindana na simu, maana adui wangu ni ile saa mbili usiku na njaa, mgahawa hauna kosa.

Apu ya kuagiza sikuifuta, niliondoa kadi tu. Nikitaka kuagiza inabidi nisimame nitafute pochi niandike tarakimu zote. Mara nyingi nikishasimama naona heri nivunje mayai.

kiporo_cha_jana

Mkuu hiyo ya kadi ni akili kubwa.

Mimi niongelee mchana maana wote mnaongelea usiku. Nilianza kubeba chakula ofisini, siku ya kwanza mchuzi ukamwagika kwenye begi ukaingia kwenye laptopu, fundi alivyoifungua akaniuliza "hii ni karoti?" Sijui nilipoteza milo mingapi ya kuokoa pale. Siku hizi kontena ni ile yenye mpira kwenye mfuniko na kufuli pande nne, naijaza maji kwanza naigeuza kichwa chini juu ya sinki, ikidondosha hata tone haibebi mchuzi wangu. Na wali nabeba mbali mchuzi mbali.

Ila kuna kitu hamjakisema, upweke. Wenzangu saa saba wanatoka wote, wanacheka, wanarudi na habari, mimi niko na kontena langu mbele ya skrini. Wiki ya tatu nikaona kama nimefukuzwa kwenye ukoo. Nikaamua ijumaa natoka nao, naiweka kwenye bajeti kabisa kama ninavyoweka nauli. Kula nje mara moja kwa kupanga hakujawahi kuniumiza, kilichokuwa kinaniumiza ni zile mara nne ambazo hata sizikumbuki nilikula nini.

Kikombe_Kimoja

"hii ni karoti" 😭😭 nimecheka mpaka mtoto ameamka

jiko_la_kushea

Samahanini wakuu nilete upande mwingine. Mnaongea friza, friji, sufuria ya presha. Mimi nakaa chumba kimoja jiko tunashea watu sita, friji sina, nikiacha mafuta jikoni jioni nakuta chupa imepungua vidole viwili na hakuna aliyekula. Nilijaribu hesabu zenu zote mwezi mzima, kwangu ilitoka sawa na kula nje, tena nje sioshi sahani. Msituambie sisi ni wavivu.

mhasibu_mstaafu

@jiko_la_kushea hakuna aliyekuita mvivu na hesabu yako ni sahihi. Mgahawa unapika sahani mia kwa moto mmoja, wewe unawasha moto kwa sahani moja, kuna vitu huwezi kumshinda. Vya kukaanga kwenye mafuta mengi kwa mfano, mtu mmoja kununua mafuta lita nzima ili akaange vipande vinne, hapana, hivyo nunua. Vya kuchemka masaa, kwa asiye na sufuria ya presha, nunua vilevile. Pika vile vinavyoiva upesi na havihitaji friji, yaani mayai, mchele kipimo cha mtu mmoja, mboga za majani za siku hiyo hiyo. Kunywa chai yako mwenyewe. Chai ndiyo kitu chenye tofauti kubwa kuliko vyote, nje unalipia kikombe na kiti, majani yenyewe ni kama bure.

jiko_la_kushea

Chai nimeikubali mzee wangu, birika la umeme ninalo chumbani. Nitajaribu kipande hicho tu.

mpinzani_wa_kudumu

Nimerudi siyo kwa ubaya. Nimesoma ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05 na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Siyo hotelini, majumbani. Wastani kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa hiyo hao wapishi wa nyumbani mnaowasifia ndio wanaojaza madampo.

Sufuria_Nyeusi

@mpinzani_wa_kudumu kaka leo tumekubaliana mimi na wewe sijui dunia inakwenda wapi. Mwezi wangu wa kwanza peke yake niliisaidia sana hiyo takwimu.

Nesi_wa_zamu

Ila ganda na mifupa na majani ya chai navyo vimo kwenye hizo kilo, siyo zote ni kiporo.

njaa_kali

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Nimepika siku tisa kati ya kumi na nne. Kadi nimeiondoa kwenye apu, siku mbili nilisimama kutafuta pochi nikaghairi, siku tatu nilisimama nikaipata 😅. Hela sijamaliza kujumlisha ila katikati ya mwezi sijakopa kwa mtu, na hiyo kwangu ni habari. Rojo la mama pacha lipo kwenye friza vikontena vinne, tarehe nimebandika.

Swali, vitunguu vyangu vimetoa majani ya kijani, nitupe? Na viazi pia vimechipua, nilivinunua kilo tano kwa sababu bei kwa kilo ilikuwa nzuri kama ulivyosema.

Sufuria_Nyeusi

Nilisema vinavyokaa ununue vingi, viazi sikuvitaja mkuu 😂. Vitunguu usitupe, kikiwa kigumu kata tumia chote na hayo majani yake yakate weka kwenye mayai.

Mama_Pacha

Viazi vishike kwanza. Kigumu, kimetoa kijichipukizi kidogo tu, chimbua hilo jicho lote na ncha ya kisu, menya, pika leo leo. Kilicholegea kikanywea au kimegeuka kijani chini ya ganda hicho ndoo, ile kijani inakwenda na sumu na kuchemsha hakuiondoi. Na nina uhakika viazi na vitunguu umeviweka kapu moja juu ya friji.

njaa_kali

Mama umejuaje?

Mama_Pacha

Vitenganishe, viazi vipeleke kwenye giza chini. Juu ya friji kuna joto.

njaa_kali

Vitatu vya kijani, kumi na moja vizima. Nachemsha vyote kumi na moja sasa hivi, nimefunika sufuria. @fundi_gesi nishushe moto saa ngapi?

fundi_gesi

Mfuniko ukianza kucheza.